Damu ya Kulinganishia

Katika maabara yetu, mimi ndiye niliyekuwa mtu mzima wa afya. Si cheo cha kuandikiwa mlangoni, lakini kilikuwa na heshima yake. Ukitaka kujua kama damu ya mgonjwa ina kasoro, lazima uilinganishe na damu ya mtu asiyeumwa, na mtu huyo karibu kila mara alikuwa mimi, fundi sanifu wa pale, kwa sababu sikuwa na pa kukimbilia. Utaratibu unasema wachangiaji wawe wengi na wabadilishwe. Walioandika utaratibu hawajawahi kumtafuta mchangiaji asubuhi. Mhazili wetu akiona sindano anaanguka. Dereva siku zote ana safari. Wanafunzi huja hawajala, na Profesa, mkuu wa maabara, huwa yuko mkutanoni hata akiwa amekaa ofisini kwake. Basi nilikunja mkono wa shati, nikatoa, nikarudi kuosha vyombo vyangu. Wakaniita Kawaida, na jina likanikaa kuliko nililopewa na wazazi.

"Kawaida gani wewe," mke wangu alikuwa akinitania, "mtu unayegombana na friji?"

Daktari alikuja kwetu mwaka juzi. Alisomea udaktari wa watu, akatibu kidogo, kisha akashikwa na ugonjwa wa kuuliza maswali akaenda kuchukua shahada ya uzamivu. Watu wa nje hudhani ukishaitwa daktari mara mbili umefika. Kumbe hapo ndipo unaanza kuitwa mchanga. Unapewa mkataba mfupi, pembe ya meza, na swali la mtu mwingine ulijibu kwa niaba yake. Mlango wa kutokea ni mmoja: ufadhili wa watafiti chipukizi, fungu linalokulipa miaka kadhaa baada ya uzamivu ili ufuatilie swali lako mwenyewe kwa jina lako mwenyewe. Waombaji ni utitiri na wanaopata ni wachache. Daktari aliomba, akapenya mchujo wa kwanza, akaitwa kwenye mahojiano. Akikosa, mkataba wake ungekwisha na mwaka, na Profesa alishamwambia kuwa mfuko hauna kitu. Sote tulijua hivyo, tukawa tunatembea karibu naye kwa adabu kama watu wa nyumba yenye mtahiniwa.

Kazi yake ilihusu vidonda. Wenye kisukari wengi hupata vidonda vya miguu ambavyo havifungi, naye alitaka kujua kwa nini. Ndani ya damu zimo chembe nyeupe ambazo kazi yao ni kuvikimbilia vijidudu na kuvimeza. Alizitenga, akaziweka upande mmoja wa kisahani cha kioo, upande wa pili akadondosha chambo chenye dalili za vijidudu, halafu akazitazama kwa hadubini zinavyotambaa. Chembe za wagonjwa zilijikokota. Zangu zilitoka mbio kama watoto waliosikia kengele ya kwenda nyumbani. Profesa, ambaye kusifu kwake ni kwa kupimiwa, alitazama akasema, "Enhe." Ombi lote la ufadhili lilisimama juu ya tofauti hiyo.

Mahojiano yalipokaribia nikang'olewa jino, nikapewa dawa, na mtu aliye kwenye dawa hatoi damu ya kulinganishia. Daktari alikuwa anataka picha moja tu ya mwisho, ya kupambia maelezo yake. Akamnasa dereva kabla hajawasha gari.

Chembe za dereva zilijikokota.

"Pole, mzee," nikamwambia. "Sukari hiyo."

Tukampima sukari. Haikuwa na neno. Dereva akanuna, akasema hatabeba tena mizigo yetu. Daktari akambembeleza mhazili, tukamlaza kabisa asije akaanguka, akafumba macho akasali mpaka ikaisha. Chembe zake zikajikokota. Daktari akajitoa damu mwenyewe, yakawa yale yale. Akaombwa Profesa, na zake zilipojikokota akatangaza kwamba hadubini imeharibika, maana imani yake kwa damu yake ilikuwa kubwa kuliko imani yake kwa hadubini. Niliikagua hadubini nikaikuta nzima.

Nilikuwa nacheka. Ilinichukua muda kutambua kuwa ninacheka peke yangu na wenzangu wote wananitazama.

"Chembe za wagonjwa hazina kasoro yoyote," Daktari alisema taratibu, akijisemea zaidi kuliko kutuambia. "Wako kama sisi. Tumekuwa tukiwalinganisha na huyu."

Profesa akamvuta ukumbini. Mnong'ono wa Profesa ni hotuba, kwa hiyo tulisikia kila kitu. "Jopo limeshasoma ombi lako na limelipenda. Peleka kilichomo. Ukishapata fungu utarekebisha humo humo. Funika kombe, mwanaharamu apite."

Nilidhani Daktari angerudi analia. Kazi ya mwaka mzima ilikuwa imemwagika mbele yake. Lakini alirudi na macho ya mtoto aliyegundua kuwa mlango wa stoo haukufungwa.

"Kaka," akaniambia, "hivi wewe ni mtu wa namna gani?"

"Mtu wa kazi."

"Nauliza kweli. Kuna kitu kinazikimbiza hizo chembe zako, sijui ni nini, na sitalala mpaka nijue. Huwa unapata homa? Zile zinazokuja zenyewe na kuondoka zenyewe? Viungo vinavimba? Ndugu zako je? Baba?"

Nilikasirika, na kilichonikasirisha zaidi ni kwamba alikuwa amepatia. Homa hizo ninazo tangu utoto. Zinanilaza siku mbili, magoti yanajaa, kisha naamka kama sikuwa mimi. Baba alikuwa nazo. Alikuwa akiziita uchovu, nami nikairithi hata hiyo lugha. Alikufa kwa figo akiwa na umri kama huu wangu. Nilijitia hamnazo kwa miaka mingi, na kazi ilinisaidia sana, kwa sababu mtu ambaye damu yake ndiyo kipimo cha afya za wengine ataumwaje?

"Nilikupa damu, Daktari," nikamwambia. "Ukoo wangu sikukupa."

Akainamisha macho. "Samahani, kaka. Sitauliza tena."

Na kweli hakuuliza. Ingekuwa nafuu angeuliza. Nyumbani nilimsimulia mke wangu kisa kizima kama kichekesho, lakini safari hii hakucheka. "Mficha maradhi, kilio humfichua," akasema. Nikamjibu kwamba methali haijamponya mtu, nikajifanya natafuta viatu vya kupiga rangi.

Mahojiano yalifanyika kwa njia ya video, kwenye chumba chetu cha mikutano. Chumba hicho kina waya wa mtandao uliolegea, haupitishi kitu mpaka ubanwe kwa namna yake, na anayeijua namna hiyo ni mimi. Mikutano mikubwa yote ya maabara ile nimeihudhuria nikiwa nimechuchumaa chini ya meza. Siku hiyo nilikaa kwenye mkeka mdogo, waya mkononi, nikiona viatu vya Daktari na pembe ya skrini. Jopo lilikuwa na mzee mwenye sauti nzito, mama mwenye miwani, na bwana mmoja kijana aliyekuwa akitikisa kichwa kwa kila jambo.

"Kabla hatujaanza," Daktari alisema, "ombi mlilosoma lina kosa, na kosa ni langu."

Nusura niachie waya. Akawaeleza yote: dereva, mhazili, yeye, na hata Profesa, ambaye alimtaja kwa heshima kama "mchangiaji mwenye umri mkubwa". Bwana kijana aliacha kutikisa kichwa.

"Kwa hiyo wagonjwa wako hawana tatizo lolote," mzee akasema.

"Kwa hili, hapana. Mwenye kitu ni mtu mmoja niliyemfanya kipimo bila kumpima. Chembe zake ziko macho kupita kiasi, na sijui nani anaziamsha. Nikijua, huenda siku moja tukaweza kuziamsha za wale wenye vidonda, au kuzituliza za watu kama yeye. Hilo ndilo swali ninalotaka kulifuata sasa."

Mama mwenye miwani alisogea mbele. Nilimsikia sauti ikichangamka. "Na damu yake mnayo kwenye friza?"

"Nyingi tu."

"Basi unaweza kuanza hata kesho."

"Siwezi. Alisaini awe wa kulinganishiwa. Hakusaini achunguzwe yeye na ndugu zake. Nilimgusia, akakataa."

"Sasa, Daktari," mama akasema, na hakuwa na ubaya, alikuwa anataka kuelewa, "unataka tufadhili nini hasa?"

Viatu vya Daktari vikatulia. Alikuwa na jibu la uongo karibu kabisa, kwamba nimeshakubali; lingetoka kirahisi na nisingeweza kulipinga nikiwa chini ya meza. Hakulitoa. Nikaona aibu, tena aibu ya kweli, ya mtu anayetazama mwenzake anazama huku kamba ameikalia yeye.

Nikaachia waya. Skrini ikaganda.

"Kaka, waya," akasema.

"Ukikuta kitu, utaniambia?"

Akainama kunitazama chini ya meza. "Wewe kabla ya mtu mwingine yeyote."

"Baba yangu alikuwa hivi. Homa, magoti, mwisho figo." Maneno yalitoka yamefuatana kana kwamba yalikuwa yamepanga foleni. "Waambie nimekubali."

Sikujua nitarajie nini. Labda kwamba angefurahi. Alishuka kwenye kiti, akapiga magoti pale chini na gauni lake la mahojiano, akapandisha mguu wa suruali yangu na kubonyeza kidole juu ya mfupa wa mguu. Alipokiondoa, shimo lilibaki. Tulilitazama sote wawili. Lilikawia kufutika.

"Mkojo wako una povu?"

"Kama la sabuni."

"Tangu lini?"

"Daktari, shika kwanza mambo yako. Hawa watu wanasubiri. Waambie nimekubali, umalize, mimi nitakwenda hospitali kesho."

"Hukukubali, umeogopa. Na kesho hutakwenda."

Alinijua. Nilikuwa nimeshautazama mlango. Angegeuka tu kuwajibu wale watu, ningekuwa uani nikikagua mitungi ya gesi, na kesho ingekuwa na kazi zake. Aliuchukua waya, akaubana vibaya vibaya mpaka skrini ikarudi.

"Mniwie radhi," aliwaambia. "Nina mgonjwa hapa, inabidi nimpeleke."

"Mahojiano haya hayarudiwi, Daktari," mzee akasema.

"Naelewa."

Nilimkasirikia njia nzima hadi hospitali, ambayo ni jengo la pili tu kutoka letu. Nilimwita mjinga, nikamwambia ameutupa mwaka wake kwa ajili ya mguu uliovimba. Yeye alinishika mkono wa shati kama mtu anayevusha mtoto barabara, na mimi na ndevu zangu zenye mvi nikakubali kushikwa.

Figo zilikuwa zimeanza kuvuja protini. Zimeanza tu, alisema daktari wa zamu, na neno lile "tu" nililirudia moyoni mpaka likaisha ladha. Yapo maradhi ya kurithi ambayo kinga ya mwili inapiga kengele hata pasipo mwizi, na kengele hiyo ikilia miaka mingi inaharibu figo. Vipo vidonge vya kuituliza. Nilianza kuvimeza, na nikabaki nikijiuliza kama vilikuwepo enzi za baba.

Jibu la jopo lilikuja baadaye. Fungu lilikwenda kwa mtu anayechunguza mapafu ya panya. Profesa hakusema "nilikwambia", jambo lililomgharimu sana. Daktari aliomba kazi ya zamu hospitali, akaanza kufuta jina lake kwenye rafu za friza.

Nilimkuta kwenye kazi hiyo asubuhi moja.

"Zile karatasi za ridhaa," nikamwambia. "Za kuchunguzwa mimi na ukoo. Zilete."

"Kaka, sina fungu. Mwezi ujao sitakuwa hata na kiti hapa."

"Mwakani wanafungua tena maombi. Zilete, nizisome pole pole, leo sina hofu ya jana."

Akatabasamu kwa uchovu. "Umeshapata vidonge. Damu yako inatulia. Wewe sasa unataka kujua nini tena?"

Nilikuwa nimelipanga jibu tangu alfajiri. "Binti yangu alishikwa na homa juzi. Amelala siku mbili, goti limemjaa. Leo ameamka anaruka kamba."

Daktari aliweka chini kitambaa alichokuwa akifutia. Alivuta kiti, akanisogezea nami kingine.

"Anzia kwa babu yako," akasema. "Usiruke mtu."