Hatua ya Kumi na Tano

Upatissa alianza kugema akiwa na miaka kumi na saba, na katika pwani yao hakuna aliyempita kwa wepesi isipokuwa kaka yake, Jinadasa. Huko kwao mgema hapandi na kushuka mnazi mmoja mmoja. Minazi huunganishwa kwa kamba mbili za makumbi, ya chini ya miguu na ya juu ya mikono, na mtu huvuka kilele kwa kilele hadi kibuyu kiunoni kijae tembo. Sheria ni moja tu: kamba haibebi wawili. Aliyetangulia akifika ng'ambo huitikisa ya juu mara mbili, ndipo wa nyuma akanyage.

Jinadasa alianguka katikati ya kamba. Watu walisema kamba ilikuwa imeoza. Upatissa aliwaacha waseme.

Tangu siku hiyo akawa hapandi. Akifika nusu ya mnazi magoti hucheza, jasho likamtoka, akashuka akiwa ameukumbatia kama mtoto. Familia mbili zilikula kwa tembo lile, yake na ya marehemu, na mwenye shamba alishasema mwezi ukipevuka ataleta wagema wengine. Wagema wa jirani hawakumwonea huruma. "Mgema akisifiwa tembo hulitia maji," walicheka, "huyu wetu kaacha na kugema kabisa!"

"Nenda kwa mtawa kule msituni," alisema Yasawathi, mjane wa Jinadasa. "Miguu imekufa ganzi, shemeji, hukufa wewe. Kaka yako angekuona hivi angekuzaba kofi."

Maneno hayo yalimchoma, maana tangu msiba Yasawathi ndiye aliyekuwa akimpikia.

Mtawa Revata alikuwa mzee mkavu, mwenye ulimi. "Mgema kwenye nyumba ya wasiokunywa!" alisema. "Usije ukanigemea minazi yangu."

"Mtukufu, hata nikitaka siwezi."

Alionyeshwa njia ya mchanga chini ya miti, hatua thelathini toka jiwe hadi jiwe. Kazi yake ilikuwa kuifagia kwa fagio la chelewa za makuti, kisha kutembea. Inua mguu, upeleke, ukanyage, na akili isitoke hapo. Ukifika jiweni, simama, geuka, rudi. Upatissa aliona ni mchezo wa kitoto. Siku ya pili aligundua kuwa miguu yake hutetemeka hata kwenye mchanga, pasipo urefu wowote wa kuanguka, akaona aibu.

Siku ya tatu, asubuhi, alimaliza kufagia akaenda kuegesha fagio. Alipogeuka alikuta nyayo. Zilianza kwenye jiwe la kwanza, zikaenda mbele sawasawa, na kwenye hatua ya kumi na tano zikakoma. Mbele ya hapo mchanga ulikuwa na michirizi ya chelewa tu. Hazikurudi wala hazikutoka pembeni.

Akafagia upya. Akaegesha fagio, akageuka. Zilikuwa pale pale. Msituni hakuna ndege aliyelia. Safari hii aliinama akatazama vizuri. Unyayo wa kushoto haukuwa na kidole kidogo.

Alimwita mtawa, akiomba moyoni mzee asione kitu, aseme ni uchovu. Mtawa alitazama kitambo.

"Huyu hana kidole," alisema. "Unamjua?"

"Kaka yangu. Alijikata kwa kisu cha kugemea tukiwa wadogo."

"Na hapa katikati kaenda wapi?"

Upatissa alinyosha mkono kuchukua fagio.

"Basi niambie wewe ulikuwa wapi."

Mficha uchi hazai, na Upatissa alikuwa ameficha miezi mitatu. "Mvua ilikuwa inakuja," alisema hatimaye. "Yeye alikuwa anavuka polepole, nikakasirika. Nilikanyaga kabla hajatikisa. Kamba ilikuwa nzima, Mtukufu; ilikatika kwa uzito wangu, nami nikadaka mnazi. Ni mimi."

Alitegemea neno la kumfariji. Hakupewa.

"Hayo ana haki ya kuyasikia mtu mwingine, na unamjua," alisema mtawa. "Kwa leo usitembee. Simama jiweni. Mpe njia."

Akasimama. Kusimama kulikuwa kugumu kuliko kamba. Alivuta pumzi, akaitoa, na kila alichokimbia kikaja kumkalia machoni: lile wingu, mgongo wa kaka yake mbele, uzito ulioshuka ghafla. Alilia bila kujifuta. Mwili ulitaka kwenda, alikuwa na haraka ile ile ya siku ile, naye akauzuia. Jua lilipopanda, mchanga wa hatua ya kumi na sita ulibonyea wenyewe, taratibu, kisigino kwanza. Kisha wa kumi na saba. Hakupiga kelele. Alihesabu mpaka thelathini, na alipotazama miguu yake ilikuwa imetulia.

Alasiri hiyo alimkuta Yasawathi akikuna nazi, akamwambia yote. Mwanamke aliacha mbuzi ya kukunia, akasimama, akakaa tena.

"Miezi mitatu nakupikia," alisema. "Miezi mitatu, Upatissa! Unanyosha mkono, unapokea sahani!" Akamwambia atoke, asimwite shemeji.

Kesho yake, siku moja kabla ya mwezi kupevuka, Upatissa alimkuta chini ya mnazi wa kwanza na mtungi wa kupokelea tembo. Uso wake ulikuwa umevimba kwa kulia.

"Panda," alisema. "Nataka nione."

Alipanda. Inua, peleka, kanyaga. Magoti hayakucheza. Kileleni alishika kamba ya juu, akaweka miguu pamoja, akangoja. Hapakuwa na upepo, makuti yalining'inia kimya.

"Unangoja nini?" Yasawathi alipaza sauti. "Huko mbele hakuna mtu!"

Hakukanyaga. Aliendelea kungoja, mpaka kamba ya juu ikatikisika mkononi mwake kutoka ng'ambo, mara mbili.

Chini, Yasawathi aliweka mtungi polepole. Alikuwa ameiona.

"Nani huyo anatikisa?" aliuliza.

"Kaka," alisema Upatissa. "Amefika."

Ndipo akakanyaga.