Kaunta ya Mbinguni

Jumanne, tarehe kumi na nne Mei, mwaka wa 2024, ndiyo siku mambo ya Hiram yalipoharibika. Asubuhi hiyo, kule kijijini Bahati, mkewe Wangare alisimama mlangoni mwa zizi akishika kifua, akasema anasikia uzito. Hiram alikuwa amepiga magoti nyuma ya ng'ombe anayezaa.

"Ngoja huyu azae kwanza," akasema bila kugeuka.

Ndama alitoka saa nne. Gari la wagonjwa lilipoitwa, halikuwa na mafuta. Kufika saa sita, Wangare hakuwepo tena.

Tangu hapo Hiram aliwalaumu wakubwa wote, kuanzia wa kaunti mpaka pasta aliyehubiri matangani kwamba ni mapenzi ya Mungu. Mapenzi gani, na mafuta yameliwa na watu? Lakini habari ya ng'ombe hakumwambia mtu. Na kuomba aliacha, maana kila akifumba macho alimwona Wangare pale mlangoni, akingoja.

Jumapili moja alikuwa kwa bintiye Joan, mjini, mtaa wa Section 58. Joan alikuwa akisukuma chapati, runinga ikionyesha vichekesho: watu waliokufa wamepanga foleni mbinguni, na karani wa kaunta anatafuna mandazi.

"Hata huko kuna makarani!" Hiram akanguruma. "Tumekwisha."

Zamu ya mama mmoja mnene ikafika.

"Nani alikuchelewesha hospitali?" karani akauliza.

"Mume wangu. Alikuwa anatafuta ufunguo wa pikipiki, na ameushika mkononi."

Hiram akasogeza kiti karibu na runinga.

"Unamshtaki?"

"Nimshtaki tena? Huyo hata soksi zake hajui ziko wapi. Muache tu, ameshaanza kifungo."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Hiram naye kilimtoka, kicheko cha kifuani, kisha machozi, akashindwa kutenganisha.

"Baba! Ni nini?"

"Ni mimi nilimwambia angoje ng'ombe."

Joan akaweka chini kifimbo cha chapati. "Najua. Alinipigia simu akiwa pale nje."

"Alisema nini?"

"Alisema, 'Baba yako ako na ng'ombe. Nikimtoa hapo na ndama afe, nitasikia hiyo hadithi mpaka Krismasi.' Alikuwa anacheka, Baba. Hata yeye alidhani ni kiungulia."

"Na muda wote huu hukuniambia?"

"Ungenipa nafasi? Ukimaliza gavana unaingia kwa pasta!"

Hiram akajifuta uso kwa kofia. Kifua kilikuwa chepesi, kama mtu aliyetua gunia la viazi. Akatoka uani, akasimama katikati ya nguo zilizoanikwa, akafumba macho. Wangare alikuwepo, ila sasa aliweza kumtazama.

"Mungu, asante," akasema. Mengine yalikuwa yamempotea.

Kisha akanong'ona, "Na wewe, mama Joan, walipokuuliza pale kaunta, ulisema nini?"