Anayekusanya Nywele na si Msusi

Léontine alinipigia simu mchana mmoja wa Januari, mwaka ule wa 2010 theluji ilipofunika mpaka viti vya mbele ya nyumba yetu hapa Tumba, nchi ya Waswidi, akaniuliza kwanza kama niko peke yangu. Nikajua kuna neno. Mwenye habari njema hakuulizi uko na nani.

Léontine ana saluni Rinkeby, na nusu ya wanawake wa kanisa letu wanasukwa kwake. Akanieleza kwamba Sixte, yule kijana anayemposa mjukuu wangu Précieuse, amekuwa akipita pale jioni wakati wa kufunga saluni. Hakuja kunyolewa. Alikuja kuomba vipande vinavyobaki sakafuni: rasta nyekundu, rasta za kahawia, na hata nywele zenyewe, zilizoota kichwani mwa mtu. Mwanzoni alimpa, akidhani ni za kutengenezea mtoto mwanasesere. Halafu akaanza kufikiri, na usingizi ukamkimbia.

"Koko, mimi sisemi kitu," alisema. "Lakini Précieuse nilimkata mimi, na siku ile Sixte alikuwa ameketi hapo hapo akimsubiri."

Alipokata simu nilibaki nimeishika. Mimi ni mtu wa milimani, upande wa mji wa Walungu. Mama yangu alitufundisha kwamba ukichana nywele, zile zinazobaki kwenye kitana unazikusanya, unazichoma au unazitupa chooni. Hata ndege asizipate, maana akijengea kiota kichwa kitakuuma mpaka vifaranga viruke. Huyo ni ndege tu, ambaye shida yake ni kiota. Binadamu akizipata, yeye anajenga nini?

Ningeweza kunyamaza kama lingekuwa hilo peke yake. Lakini kulikuwa na jingine. Mnamo Novemba Sixte alimtuma Mzee Callixte, anayemsimamia hapa kama baba, aje kuomba siku ya utambulisho, ndugu zake waje kwetu kumtaka binti rasmi. Tukakubali, tukasema Februari. Baada ya Noeli Mzee Callixte akarudi na uso wa mtu aliyetumwa asichokielewa, akasema kijana anaomba tungoje mpaka barafu itoke ziwani. Tukamuuliza kwa nini. Akasema naye aliuliza, akajibiwa hivyo hivyo: barafu ikitoka.

Binti yangu Josiane, mama yake Précieuse, hakuhitaji zaidi. Tangu mumewe afariki anawaona wanaume wote kama maziwa yaliyoachwa nje, anawanusa kwanza. Alisema mwanaume anayesogeza siku ana mke mahali pengine, labda Norway, na anangoja karatasi za kuachana. Akasema pia kwamba katika nyumba hii mkubwa ni mimi, hivyo mimi ndiye nitakayetoa jibu, na nikikosea mtoto atalia maisha yake yote. Précieuse alikuwa jikoni, anasikia. Akasema kwa Kiswidi kwamba hayo ni mambo yake na si ya mtu mwingine. Akikasirika ananiita mormor, bibi kwa Kiswidi. Akiwa na amani ananiita Koko, bibi kwa lugha ya kwetu. Wiki ile nilikuwa mormor tu.

Basi nikaanza kumtazama Sixte. Alikuwa anakuja kwetu Jumapili baada ya ibada, anakula, anaosha vyombo bila kuambiwa, jambo ambalo nalo lilinitia wasiwasi. Kazi yake ni kuendesha gari la mikate. Mikono ya mtu wa mikate ingekuwa na unga. Yake ilikuwa na gundi iliyokauka kwenye ncha za vidole. Jumapili moja nikaona uzi mwekundu umemnasa kwenye mkono wa sweta. Jumapili nyingine, unyoya. Nikaung'oa begani kwake nikauweka mezani kati yetu, nikangoja. Akautazama, akausukuma polepole mfukoni mwake kama mtu anayeokota sarafu yake.

Halafu siku moja, anavaa viatu mlangoni, akaniinamia sikioni.

"Koko, siku ukipata jogoo mzima kutoka kwa wale wafugaji unaonunua kuku kwao, usitupe manyoya ya shingo. Niwekee mimi."

Usiku ule nilisali Zaburi mbili badala ya moja.

Sikumwambia Josiane. Angepiga simu kwa ndugu zetu mpaka Brussels, na jina la kijana likishapita Brussels halirudi safi. Nikajiambia nitakwenda mwenyewe. Kwetu bibi na mume wa mjukuu ni watani. Mimi namwita mume wangu, yeye ananiita mke mkubwa, na mke mkubwa hapigi hodi ya kuomba ruhusa. Mwezi wa pili nikapika sombe, majani ya muhogo ya kwetu, nikafunga sufuria kwa kitambaa, nikabadilisha treni mjini, nikapanda ile ya kijani mpaka mwisho wa njia, Hässelby. Kutoka kituoni unaliona ziwa. Siku ile lilikuwa jeupe kama meza iliyotandikwa, na juu yake watu wameketi kwenye vigoda, kila mmoja na tundu lake, wanavua. Nikasimama nikitafakari kitendawili: nyumba hii wageni wako juu ya paa, wenyewe wako chini na hawajui kama kuna wageni.

Sixte alifungua mlango akiwa na mkasi mkononi.

Alijaribu kupita mbele yangu afunike meza, lakini mimi ni mzito na sebule yake ni ndogo. Palikuwa na sanduku la bati limefunguliwa, na taa imeinamishwa juu yake. Ndani yake niliona vishada vya nywele vimefungwa kwa rangi. Manyoya. Uzi mwekundu. Vipande vidogo vya risasi, vimechorwa macho. Na ndoana, nyingi, zinang'aa.

Niliweka sombe chini. Nilitaka kuketi na sikutaka kuketi kwake.

"Mume wangu, kitendawili," nikasema.

"Tega, mke mkubwa." Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Anakusanya nywele na si msusi, anakusanya manyoya na hafugi kuku."

Akaziangalia ndoana, akaniangalia mimi, na nikaona anaelewa polepole nilichokuwa nimebeba tangu Januari. Akaweka mkasi mezani.

"Mimi pia nina changu," akasema. "Ana manyoya haruki, ana jicho haoni, na anayemla ndiye anayeliwa."

Nilijua jibu kabla hajamaliza kutega, lakini sikumpa furaha hiyo. Akanieleza mwenyewe. Ni chambo cha uongo. Unaivika ndoana nywele na manyoya, ukikivuta majini kinapumua kama dagaa, na samaki anadanganyika. Anamtaka samaki ambaye Waswidi wanamwita abborre, mdogo wake sangala wetu, mwenye mistari myeusi na mapezi mekundu. Barafu ikishatoka, samaki hao wanasogea kwenye maji mafupi, siku chache tu, halafu wanatawanyika. Msimu wote wa baridi anawaandalia.

Nikamwambia dukani kuna samaki. Akakubali. Nikamwambia hao wenzake wako nje sasa hivi wanatoboa barafu, mbona yeye hayuko nao? Akasema yeye ni mtoto wa mji wa Baraka, amezaliwa karibu na ziwa Tanganyika, na maji anayoyajua yeye hayabebi mtu aliyeketi kwenye kigoda. Hawezi kuyaamini. Nikafikiri: hata wewe, kumbe, una usichokiamini.

"Na utambulisho unahusiana nini na samaki?"

Hapo aliinama kabisa. Alisema katika nyumba ya babu yake mwanaume hamwombi mtu binti kwa mikono mitupu. Anampelekea bibi wa binti samaki aliowavua mwenyewe, na samaki wa kununua hahesabiki. Baba yake alifanya hivyo. Hakutaka kumweleza Mzee Callixte kwa sababu watu wangecheka, wangesema yuko Ulaya na akili imebaki ufukweni.

Ilikuwa hadithi nzuri. Nimeishi miaka mingi na hadithi nzuri nimezisikia, nyingine zilitoka kwa waongo hodari. Nikachungulia tena sandukuni, na ndipo nikaiona moja iliyowekwa peke yake kwenye pamba. Nywele zake hazikuwa rasta. Zilikuwa nyeusi, laini, na ncha zake nyekundu. Ile hina niliipaka mimi, kwa mikono yangu, wakati wa likizo ya Agosti.

"Na hizi?"

Hakusema uongo. Alisema ni za Précieuse, aliziokota kwa Léontine siku alipokatwa, na rangi yake ndiyo abborre anaipenda, nyeusi inayoishia kwenye wekundu. Halafu akaongeza, kama mtoto, kwamba pia alitaka aende ziwani na kitu chake kimoja.

Sasa nifanye nini? Anayevua anasema hivyo. Na anayefunga mtu kwa dawa, je, atasema vingine? Kila alichonionyesha kilikuwa na majibu mawili, na mimi nimetumwa kuleta moja. Nikamwambia ale sombe ingali moto. Nikamwambia asiiguse ile ya kwenye pamba mpaka nitakapokuwepo, na siku barafu itakapotoka anipigie simu mimi kwanza, kabla ya mtu yeyote.

Machi yote niliishi nikilichungulia kila dimbwi kati ya Tumba na mjini. Précieuse alikonda kidogo, nikahesabu hilo. Aliumwa kichwa siku tatu, nikahesabu na hilo, ingawa mafua yalikuwa kila nyumba. Josiane akaniuliza nimeona nini Hässelby. Nikamjibu nimeona ziwa.

Simu ilikuja mwisho wa Aprili. Tulisimama kwenye ukingo wa mawe, mimi nimevaa makoti mawili na kilemba juu ya kofia, yeye na ufito wake mwembamba. Maji yalikuwa meusi, yamefunguka. Alirusha ndoana ya rasta nyekundu, akavuta, hakuna. Akarusha ya manyoya ya jogoo, tena hakuna. Tulikuwa tunawaona kabisa, migongo yao yenye miiba inapita chini ya mawe kama vitana, wanakisogelea chambo, wanakitazama, wanageuka. Nami nikamwambia hata samaki wanakushuku. Hakucheka.

Nikatikisa kichwa kuelekea sandukuni. "Leta ile."

Aliifunga kwenye uzi. Ilipoingia majini ncha zake zilifunguka, zikaja na kurudi, na kweli zilipumua. Kabla hajazungusha mara tatu ufito ukapinda. Akatoa samaki wa kijani, mistari myeusi, mapezi kama yamechovywa hina. Alikuwa mdogo, haujazi hata mkono wangu. Nyuma yake maji yalichemka. Walikuwa wamekuja wote, wakubwa, wanaviringika pale ndoana ilipokuwa. Sixte akamnasua yule mdogo, akamtia kwenye ndoo. Msimu mzima wa giza ulikuwa umekuja kusimama hapo, hatua chache kutoka kwenye viatu vyake.

Nikanyoosha kiganja.

"Ikate. Nipe."

"Sasa hivi, Koko?"

"Sasa hivi."

Aliyatazama maji. Nami nilimtazama yeye, sikupepesa. Niliwaza kwamba mchawi hakabidhi alichofunga, atatafuta maneno, ataomba moja tu, moja ya mwisho. Na aliyetudanganya kwa hadithi ya samaki vile vile. Pembeni yake samaki mmoja mkubwa aliruka, akaanguka kwa kishindo. Sixte akatoa kisu, akakata uzi, akaweka ndoana kiganjani mwangu akiwa ameielekeza ncha upande wake ili isinichome. Halafu akamwangalia yule samaki mdogo kwenye ndoo, akasema taratibu kwamba huyo mmoja hatoshi kuniletea, basi atangoja mwaka mwingine, kama tutamruhusu angoje.

Nilisikia kitu kikiniachia kifuani, kitu kilichokuwa kimenishika tangu simu ya Léontine.

Nikaweka ndoana kwenye leso, nikaifunga fundo, nikaiingiza mfukoni. Kisha nikalegeza kilemba, nikavua kofia, nikauvuta mmoja wa misuko yangu ya mvi, nikamgeuzia kichwa.

"Za huyu mtoto hapana," nikamwambia. "Kata zangu. Mimi nani atanifunga tena? Nimeshafungwa na magoti."

Alikata kidogo sana, kwa adabu, kama anayenyoa mtoto mchanga. Akaketi jiweni, akazisokota kwenye ndoana kwa uzi mwekundu, na mimi nikamshikia taa ya simu maana mawingu yalikuwa yameshuka. Sitasema samaki waliziparamia kama zile. Walikuja kwa mashaka, mmoja mmoja, kama watu wa Tumba kwenye mkutano. Lakini walikuja, na ndoo ikawa na sauti.

Jumamosi iliyofuata Mzee Callixte alibisha hodi kwetu na ndugu zake wote, na Sixte nyuma yao amebeba beseni lililofunikwa. Josiane alilifunua, akanusa, akalifunika tena. Kila mtu akanigeukia mimi. Nikasema beseni lipelekwe jikoni na wageni wapewe viti. Précieuse alipita na glasi, akaniita Koko.

Zile nywele zake nilizichoma mwenyewe kwenye sufuria kuukuu, dirisha wazi, ndoana nikamrudishia Sixte. Zangu hazikurudi. Mwisho wa siku ile kule Hässelby uzi ulikatika, na mahali fulani katika lile ziwa la Mälaren kuna abborre mkubwa anayeogelea na mvi zangu mdomoni. Siku hizi kichwa kikiniuma, namkumbuka.