Aliyesimama Mbele ya Kenga

Studio yetu ya Mtopanga, wateja walinijua kwa ulimi wangu. Mwaka huo wa tisini na nane tulikuwa na kompyuta mpya, na kila mtu alitaka apigwe picha hapa, atokee kwingine. Siku hiyo nilikuwa na kijana anayetaka kuoa, ati nimsimamishe mbele ya hoteli ya Shelly Beach, ambako hajatia mguu. Nikaipandisha picha yake juu ya ile ya hoteli. Hakuridhika. Nikamsukuma kulia, nikamsukuma kushoto, na kila nilipomsogeza, madirisha aliyokuwa ameyaziba yalionekana tena, mazima. Nikamwambia huyo mchumba wake ana kazi.

Mama Jumwa alikuwa amekaa nyuma yangu akitazama. Zamu yake ilipofika, alifungua leso akanipa picha ya kwaya ya kanisa lao. Mwanawe, Kenga, alikufa kwa malaria huko Taveta alikokwenda kufanya kibarua, akazikwa kabla mamake hajafika. Alikuwa hajapata hata kitambulisho. Picha yake ilikuwa hii moja tu, na mbele yake alisimama mwalimu wa kwaya, Mramba, pande la mtu, kamziba uso wote. Kenga alionekana sikio na bega.

"Mwanangu, msogeze Mramba kidogo," akaniambia. "Nimwone."

Nilimwambia haiwezekani. Akasema mbona yule wa hoteli nimemsogeza. Nikamweleza kwamba zile zilikuwa picha mbili, moja juu ya nyingine, na hii ni moja tu; nyuma ya Mramba hamna kitu. Alinitazama kama anayemtazama mwongo. Alisema yeye alikuwapo siku picha inapigwa, na Kenga alikuwa pale pale, anacheka. Wallahi hasira zikanipanda. Nikasema haya, tazama basi. Nikaiingiza picha yake kwenye kompyuta, nikamkata Mramba, nikamwondoa.

Pakabaki tundu jeupe, na sikio pembeni yake.

Mama Jumwa hakulia. Niliyelia ni mimi, tena kwa kwikwi, na ulimi wangu wote huo. Nikamwambia naweza kutafuta sura ya kijana anayefanana naye nikaipachika pale. Akakataa. Alisema uso wa mtoto wa watu hautaki.

"Mrudishe Mramba," akasema. "Akiwapo, mimi najua mwanangu yuko nyuma yake."