Simu ya Thuku na Akina Karisa Watatu

Thuku alipofungiwa simu dukani mwake hapa Malindi, mwaka wa themanini na saba, alitembea kama aliyeoa mke wa pili. Akatundika kibao: PESA KWA SIMU, KILIFI DAKIKA TANO. Sisi tuliozoea kumpa utingo wa basi bahasha tukaonekana washamba.

"Mama, utatuma pesa kwa basi mpaka lini?" akaniuliza. "Dunia inaenda mbele."

Na mimi mjinga nikaingia. Miaka kumi nafua shuka za watalii hotelini, hakuna aliyewahi kuniambia dunia inaenda mbele na mimi nimo. Nilikuwa na shilingi mia sita za kukomboa mikorosho ya baba kule Vitengeni. Aliiweka rehani kwa jirani, na mwisho ulikuwa Ijumaa adhuhuri. Ikipita hapo, mikorosho kumi na miwili imekwenda. Ndugu yangu Karisa nilishamtumia salamu: Ijumaa asubuhi azichukue Kibarani, pale Kilifi, kwa Ochola, mshirika wa Thuku ambaye angepigiwa simu alipe, kisha akimbilie lori la kurudi.

"Anaitwa Karisa Kambi," nikamwambia Thuku. "Lakini Ochola amwulize mama yake ni nani. Sisi majina yetu..."

"Kipande, mama! Akionyesha kipande cha kitambulisho analipwa. Hiyo ndiyo biashara ya kisasa."

Mjuzi huyo! Miaka sita anawauzia Wagiriama sukari na hajui tunavyoitana. Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu yake. Kila Kambi aliyezaliwa na Karisa, naye atamzaa Karisa. Simama sokoni Kibarani uite Karisa Kambi, utaitikiwa kutoka pande tatu.

Na Ochola alifanya nini? Aliita! Aliandika kwa chaki, herufi kubwa, ubaoni nje ya duka: PESA ZA KARISA KAMBI ZIMEFIKA. Lo! Duka halijafunguliwa vizuri, Karisa Kambi fundi baiskeli katoa kipande chake halali, kapiga kidole daftarini, kapokea. Akaja wa pili, akaambiwa zimekwisha. Wa tatu ndiye ndugu yangu, kashuka lorini vumbi mpaka kwenye kope.

"Wewe ushalipwa," Ochola akamwambia.

Fundi baiskeli alipopatikana, alisema alidhani dada yake wa Mombasa kamkumbuka. Pesa kashazinunulia mabati. Adhuhuri ikapita.

Nilimwendea Thuku dukani. Akanifungulia daftari. "Soma mwenyewe, mama. Karisa Kambi amelipwa. Simu haikukosea."

Na ada yake ya shilingi thelathini haikukosea vilevile, ati! Nauli ya basi mpaka Kilifi haikufika nusu ya hizo. Ningeomba ruhusa ya nusu siku nikazipeleka kwa mkono wangu. Najichukia kwa hilo, na yeye namchukia zaidi.

Baba sasa anaokota korosho chini ya mikorosho aliyoipanda mwenyewe, kibarua cha kutwa kwa yule jirani. Ndugu yangu ndiye anayemwona kila siku, mimi hata kwenda naona haya.

Juzi Thuku kaniita toka barazani. "Mama, sasa tunafika mpaka Mombasa! Mbona hutumi tena?"

"Kwanza mpigie baba yangu," nikamwambia. "Mweleze wewe mwenyewe ilivyokuwa."

Akacheka, mpumbavu yule. "Lakini kwenu huko hakuna simu, mama."