Jani la Isale kwenye Kitabu cha Useremala

Wanaokuja kwangu kuazima vitabu huniuliza waanze na kipi. Wapenda kuchonga hutaka cha useremala papo hapo, mikono inawawasha. Mimi nawaambia waanze na cha kuchekesha. Mtu asiyemaliza kicheko chake kitabuni atakimalizia kwenye kiti cha rafiki yake, na hilo nililiona kwa macho yangu, hapa hapa Kilema, enzi za Mwingereza.

Vyote viwili nilivipata sokoni Kiboriloni, kwa Seleman muuza karanga. Cha useremala kilibaki tangu wakati wa Wajerumani, naye alikuwa akikichana kufungia karanga; jalada na kurasa za mwanzo zilikwisha ondoka na wateja. Cha kuchekesha hakukichana kwa sababu alikuwa bado anakisoma. Ilinibidi nirudi soko lililofuata.

Kile cha Kijerumani hatukujua neno lake hata moja, ila picha zake zilijisemea zenyewe. Cha Kiswahili kilimhusu seremala mwongo aliyekuwa akihama mji kabla wateja wake hawajavikalia viti alivyowauzia. Kwa kuwa nilikuwa na darasa la nne la masista, nikawa msomaji. Kila Jumapili baada ya misa mdogo wangu Antoni na jirani yake Ildefonce walikuja uani kwangu na randa zao, wakawa wanalainisha mbao za mringaringa huku wakiniambia, rudia hapo. Hawakuwa mafundi. Walikuwa wakulima wa kahawa wenye ugonjwa wa mbao.

Siku ya kipaimara cha Salvina, binti wa Antoni, Ildefonce alileta zawadi ya kiti, maana ndiye baba yake wa ubatizo. Alikitoa kwenye picha ya Mjerumani, lakini miguu hakuichongea ndimi za kuingia kwenye matundu, aliipigilia misumari. Katekista Wenseslaus akakikalia na kata yake ya mbege mkononi. Kiti kikalala, naye akalala juu yake. Mbege haikumwagika hata tone, mtu yule alikuwa na kipaji. Watu wote wakajizuia kucheka kwa heshima. Ndipo Antoni akatoa maneno ya yule seremala wetu wa kitabuni:

"Kiti hiki ni cha kusimama. Hamkuuliza."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, na mimi nilikuwa miongoni mwao. Ildefonce akainama, akaokota miguu ya kiti chake mmoja mmoja, akaenda zake. Tangu hapo hata watoto njiani wakamwita Kiti cha Kusimama. Kwa Antoni hakukanyaga tena, kahawa ikavunwa na kuvunwa.

Kisha Salvina akapata mchumba, na tangazo la kwanza la ndoa likasomwa kanisani. Binti yule ni mpole, lakini akiamua jambo ni kama jiwe la kusagia. Akamwambia baba yake, "Sitoki nyumba hii bila baba yangu wa ubatizo kuniwekea mkono kichwani."

Antoni akatuma katekista, akatuma wazee. Jibu likawa lile lile: mwenye maneno aje mwenyewe. Nilipomsihi Antoni aende, alinigeukia kwa hasira.

"Dada, maneno yale si yangu, ni ya kitabu. Basi kitabu kiende kikamwombe radhi."

Nikaona si wazo baya, ila kiende kile kingine.

Kitabu cha useremala kilikuwa kwake siku hizo. Nikamwomba anirudishie, kuna mtu anakihitaji, nikakipeleka kwa Ildefonce. Nikamwambia kimetoka kwa Antoni, na ndiko kilikotoka. Nikamshauri asikose kuangalia ukurasa wa mguu wa kiti, unaoonyesha jinsi ulimi unavyokaa kwenye tundu, nikamwambia umewekewa alama. Alama yenyewe ilikuwa jani la isale, kwa kuwa ua wangu wote ni masale. Na kwa kuwa jani lile ni refu na linateleza, nikalipiga fundo. Kwa asiye wa kwetu, nimweleze: isale lenye fundo ni la kuomba msamaha, na anayeletewa hakatai, hata kosa liwe la damu.

Jumapili iliyofuata tulikuwa uani kwa Antoni na ndugu wa pande zote, tukipanga harusi kwa nyuso za msiba. Ildefonce akaingia na koti lake la misa, kitabu kwapani. Hakuketi.

"Antoni," akasema, "isale lako nimelipokea. Yamekwisha."

Antoni akanitazama. Mimi nilikuwa nachambua maharage. Namjua mdogo wangu: mzaha kwake hauishi, lakini neno la radhi hakupata kulitoa hata kwa marehemu mama yetu. Angesema "sikutuma kitu" angekuwa amesema kweli tupu, na Ildefonce angegeuka na kwenda, safari hii moja kwa moja. Salvina alikuwa mlangoni na kibuyu, hamwagi wala hajazi. Antoni akamtazama na yeye. Akavua kofia.

"Nilichelewa kulituma," akasema. "Nilikuona ukiinama kuokota miguu ile, na bado nikaendelea kucheka. Nisamehe, mwenzangu."

Hilo la kuinama halikuwa kwenye jani wala kwenye kitabu chochote. Lilikuwa lake. Ildefonce akamwita Salvina na kumwekea mkono kichwani pale pale, harusi hata bado.

Watu walipoondoka Antoni akaja kukaa karibu yangu.

"Dada, isale liliingiaje kwenye kitabu?"

"Si ulisema kiende kikaombe radhi? Kingeendaje mikono mitupu?"

"Na fundo?"

"Lingeteleza."

Akacheka peke yake mpaka machozi, sijui kama yote yalikuwa ya kicheko.

Siku ya harusi Ildefonce alileta kiti kipya, kilichochongwa kwa kufuata ukurasa ule, kisicho na msumari hata mmoja. Watu wakaanza kutazamana nani ajaribu. Antoni akaenda, akajitupa juu yake kwa uzito wake wote, akakaa, na kwa mara ya kwanza maishani hakusema kitu.

Kitabu ninacho, kuazima ruksa, ila jani lisitolewe. Na kiti kile kipo kwa Antoni mpaka leo, kila mgeni hukalishwa hapo. Isipokuwa katekista. Yeye alisema atasimama.