Paneli ya Senge

"Umeletea shangazi yako kioo," Anko Shivachi alikuwa ananiambia, amesimama katikati ya nyumba na vesti, kidole juu. "Kioo ya kunyolea ndevu. Imewekwa kwa mabati ndio ndege wajione."

"Si kioo, anko. Ni solar."

"Solar gani inawaka kidogo inalala? Hata mshumaa inajaribu."

"Ilikuwa inafanya poa. Nyinyi ndio mliniambia inafanya poa."

"Ilifanya siku za kwanza, kama mfanyikazi mgeni."

Senge Immaculate akatoka jikoni na mwiko mkononi. Huyo ni dada ya babangu, na anko ni bwana yake. Akasema, "Mimi sijasema ni kioo, Kevo. Lakini jana habari haijafika hata kwa michezo, TV ikakuwa ndogo, ikakuwa laini moja, ikazima. Mtoto wangu Annet akalia. Mimi nikakaa kwa giza na huyu mtu wako akinicheka."

"Nilicheka kidogo," anko akasema.

"Ulicheka mpaka ukakohoa."

Sasa kwa nini mimi nilikuwa natoa jasho? Tangu nimalize fom foo nimekuwa nikikaa kwa bro yangu huko Makina, Kibera, na mchana nashinda kwa fundi mmoja Mnubi wa redio. Huyo ndiye alinionyesha mambo ya solar. Anko naye ana beste yake ni foreman kwa kwari, Mlolongo, na amesema Jumatatu naanza kupasua mawe. Ni Senge alinitetea. Alisema, wacha kijana aniwekee mimi kwanza, ikifanya, wamama wote wa jumuiya ya kanisa wanataka, atakuwa na kazi. Isipofanya, sawa, aende mawe. Na leo ilikuwa Ijumaa.

Na maze, hiyo kazi nilikuwa nimefanya fiti. Nyumba ya Senge hapa Kawangware 46 ni ya mabati lakini ni yake, alijijengea na pesa ya kuuza mitumba, kwa hivyo hakukuwa na landlord wa kuuliza. Kabla anunue chochote nilimkalisha chini nikamuuliza, Senge, unataka kuwasha nini? Akasema tyubu moja ya taa na TV, ile ndogo ya black and white. Anko akauliza kama inaweza kupiga pasi suruali yake ya kanisa. Nikamwambia hiyo pasi itamaliza betri kabla suruali ijue imepigwa. Nikapanda kuangalia kama mbao ya paa imeoza. Mulwa wa jirani ana mwavokado, nikaona kivuli yake inafika wapi jioni, nikaweka paneli ile upande ingine. Nikafunga na skrubu za ndani ndio wezi wasiweze kung'oa. Nikamfundisha kuangalia maji ya betri. Na kitu ya mwisho nilimwambia: Senge, hii kitu lazima ikae safi. Vumbi ya Kawangware ikikaa juu yake, haina kazi.

"Wacha nipande," nikasema.

"Panda," anko akasema. "Ukifika juu angalia upande wa Mlolongo, uzoee."

Jua ilikuwa imesimama kabisa. Nikapanda ngazi, nikashika mabati ikanichoma, nikainua kichwa.

Paneli haikuwa inaonekana. Kulikuwa na kitambaa.

Nyinyi mnajua nyumba ya mama yeyote wa hapa. TV ina kitambaa, redio ina kitambaa, thermos iko na yake, kochi ndio usiseme. Kwa Senge hata jerikeni ya maji imevaa. Sasa hii ilikuwa mpya, nyeupe, ameshona mwenyewe kwa crochet, maua ya pinki kwa kona zote, na katikati kwa uzi ya bluu: MUNGU BARIKI NYUMBA HII. Imewekewa mawe ndio upepo isibebe. Na ilikuwa safi, hiyo siwezi kukataa. Chini yake paneli ilikuwa inang'aa kama sahani ya wageni.

Nikakaa juu ya paa nikacheka bila sauti.

Halafu nikaacha. Kwa sababu ilikuwa rahisi sana. Niinue hiyo kitambaa, niite anko, mambo ya kwari iishe. Lakini namjua anko. Hiyo story angebeba mpaka Kakamega, kila matanga, kila harusi, "mke wangu alifunikia solar blanketi isishikwe na baridi." Na Senge ndiye mtu mmoja tu aliyenitetea. Na nani alimwambia iwe safi? Si mimi?

Nikatoa mawe, nikakunja kitambaa nikaingiza ndani ya shati.

"Umepata nini?" anko akauliza nikishuka.

"Kivuli."

"Kivuli ya nini na jua ni hii?"

"Kivuli tu, anko. Nimetoa."

Senge alikuwa ananiangalia kifua. Nikaangalia pia. Ua moja ya pinki ilikuwa imechungulia katikati ya vifungo. Akashusha mwiko.

"Senge," nikasema, nikiangalia mwavokado ya Mulwa, "hii kitu inakula jua kwa macho yake. Haitaki kitu yoyote juu. Vumbi unapangusa tu asubuhi na maji."

"Hata kama hiyo kitu iko juu ni safi?"

"Hata kama ni safi sana."

"Na kama imetobolewa tobolewa mashimo?"

"Hata hivyo, Senge."

"Mnaongea nini?" anko akasema.

"Vivuli," Senge akasema. "Kaa chini, naleta chai."

Tukakunywa chai polepole, mimi nikiomba lile jua lisiende mahali. Anko akienda kuvaa shati, nikachomoa kitambaa nikatandika juu ya TV. Akarudi akaiangalia.

"Hii imetoka wapi?"

"Ilikuwa inakauka," Senge akasema.

Nikasimama. "Leo msiwashe TV, betri ishibe kwanza. Lakini tyubu, na hili jua, inaweza." Nikabonyeza swichi.

Anko akaangalia juu. "Sioni kitu."

"Ni mchana, anko. Mwangaza ya nje imejaa." Nikafunga dirisha. Tyubu ikaanza kuonekana, nyeupe kidogo.

"Hiyo inaweza kuwa ni ile mwangaza inaingia kwa mlango."

"Basi Kevo afunge mlango akitoka," Senge akasema. "Kevo, chukua begi yako. Seline wa jumuiya yuko Riruta anangoja umwangalilie paa. Na huyo mwambie mapema ile maneno ya kivuli. Huyo ameshona vitambaa kunishinda."

"Na Jumatatu?" nikauliza, nikiangalia anko.

Anko akajikuna shingo. "Funga mlango kwanza nione."

Nikabeba begi, nikatoka, nikavuta mlango polepole. Ile nafasi ikizidi kuwa ndogo, nyumba ikizidi kuwa nyeusi na tyubu ikizidi kuwa nyeupe, mpaka nikaona meno ya Anko Shivachi, yote, hata yale ya nyuma.

Nikafunga.